Johari Hajafa, Anajisingizia

1

Nyamizi alikuwa mtu pekee nchini aliyegombana na sauti yake mwenyewe kila asubuhi, na kila asubuhi akashindwa.

"Kabula, chai inapoa!" aliita kutoka jikoni.

"Kabula," ilisema sauti ileile kutoka sebuleni, ila hii haikuwa na mikwaruzo ya miaka hamsini na minane, "bibi yako anasema chai inapoa. Tumjibu nini?"

"Tu-tu-tumwambie..."

"Mniambie mnakuja," Nyamizi alidakia. "Haya, njooni."

Kabula, miaka saba, meno mawili ya mbele yamekwenda likizo, alimtazama bibi yake kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya mlo. Kisha akamgeukia mwanasesere wake. Johari hakuwa amedakia kitu. Alikaa kwenye mto, mrefu kiasi cha chupa ya maji, amevishwa gauni la tatu tangu kupambazuke, nywele zimesukwa twende kilioni, macho ya kioo yamemkazia mtoto. Akasubiri. Maji yalichemka, yakaepuliwa. Johari akasubiri.

"Tumwambie tu-tunasuka kwanza," Kabula alimaliza.

"Tunasuka kwanza," Johari alikubali.

Hapo ndipo palipomuuma Nyamizi. Sauti ni yake. Miaka tisa iliyopita aliingia katika kibanda kisichopitisha hata mlio wa nzi, akasoma maneno elfu sita, akacheka vicheko arobaini, akalia vilio kumi na viwili, akapiga chafya mpaka akaona nyota. Mtambo mama wa Kampuni ya Kipepeo ukayachukua yote, ukayasaga, ukamfinyangia Johari kinywa. Tangu siku hiyo hawakumhitaji tena. Kila saa kumi jioni Johari wa katuni alitokea kwenye runinga, na katika nyumba laki nne Johari wa plastiki aligeuza shingo akatazama pamoja na mtoto wake. Kipindi kikiisha husema, "Umeona nilivyotumbukia mtoni? Mpaka sasa nimelowa." Mtoto humfuta. Katikati ya kufutwa, Johari hutaja sabuni inayonukia vizuri kuliko zote. Ndiyo biashara, hata mganga hapigi ramli bure.

Lakini ile subira Nyamizi hakuisoma kibandani. Hakuwa nayo. Yeye alikuwa mtu wa kudakia, wa kutania, wa kumaliza sentensi za watu kwa sababu zake zilimwishia mapema. Maisha yalimfundisha kwamba ukisubiri foleni ipungue, utakuta dirisha limefungwa. Mtambo uliitoa wapi subira ile? Watu wa Kipepeo walisema umejifunza kwa watoto wenyewe: ukiona mtoto anakwama, unanyamaza, ukiona kunyamaza kumesaidia, unanyamaza zaidi. Basi Johari wa Kabula alikuwa amenyamaza miaka mitatu. Na nyuma ya mlango, wakiwa wawili tu, Nyamizi alishamsikia mjukuu wake akisema hadithi nzima bila kukwama hata mara moja. Shuleni mwalimu alikuwa akimruka kwenye kusoma kwa zamu, kwa huruma.

Walikuwa na mchezo wao, wa kununa. Mnakaa uso kwa uso, kimya, bila kutikisika. Atakayecheka au kusema kwanza, lazima atamke "nimeshindwa", ndipo mwenzake aruhusiwe kuamka. Mwenye macho ya kioo alikuwa na faida ya wazi, lakini kila mara ni Johari aliyepasuka kicheko kwanza. Kicheko namba saba. Nyamizi alikikumbuka; alikitoa siku mkurugenzi alipokaa juu ya andazi lake.

"Nimeshindwa, Kabula!" ilisema sauti yake sebuleni.

"Na mimi pia nimeshindwa," Nyamizi alijisemea, akabeba chai akawapelekea wasukaji.

2

Studio za Kipepeo zilikuwa Pugu, kwenye kilima, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha chupa. Msimamizi wa kipindi cha Johari aliitwa Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye kitambi cha heshima na viatu vya kuazima. Kwa Mnyamwezi kama Nyamizi huyo alikuwa mtani, na watani hawasalimiani kama watu.

"Karibu, mpagazi. Mzigo umeutua wapi?"

"Nje. Niliambiwa humu ndani kuna Mzaramo amelala, nikaogopa kumdondoshea."

Pazi hakucheka. Nyamizi akavuta kiti. Mzaramo asiyecheka utani ama ana jino, ama ana jambo.

"Johari anakufa Ijumaa," Pazi alisema.

"Kwenye katuni?"

"Kwenye katuni. Na kila mahali."

Akamweleza huku akichezea kifuniko cha kalamu. Kipepeo walikuwa wametengeneza mwanasesere mpya, Zamda, anayetembea kwa miguu yake na kubadili rangi ya gauni mwenyewe. Mtambo mama haukuwa na nafasi ya wote wawili. Na mwanasesere bila mtambo mama ni kichwa kitupu: sikio, jicho, spika, na akili ya kutosha kusema habari za asubuhi. Jina la mtoto, anachokiogopa, wimbo anaoupenda akiumwa, vyote vilikaa Pugu, ghorofa ya chini, katika makabati yanayovuma kama nyuki.

"Sasa mimi mnaniitia nini? Mtambo unajua kulia. Niliulilia mwenyewe."

"Sheria ya Sauti Hai, mtani."

Aliijua. Kila mtia sauti aliijua. Ilitungwa baada ya ule mwaka wa aibu ambapo watu walipigiwa simu na marehemu wao, wakaagwa kwa machozi, kisha wakaombwa namba za siri. Tangu hapo sauti iliyoumbwa na mtambo iliruhusiwa kusema lolote isipokuwa mambo mawili: kuapa na kuaga. Hayo lazima ayaseme mwenye sauti, akiwa hai, papo kwa papo, mbele ya ofisa wa serikali mwenye mhuri. Na sauti ikishaaga, haisikiki tena hewani mpaka mwisho wa dunia.

"Basi nikikataa?" Nyamizi alisema. "Yaani nimekataa. Mtafanyaje?"

"Nifuate."

Walishuka ngazi, wakapita makabati ya nyuki, wakaingia chumba kidogo chenye dirisha moja. Kwenye rafu, juani, alikaa Johari. Gauni safi. Nywele hazijaguswa.

"Huyu tumemtenga na mtambo mama wiki tatu zilizopita," Pazi alisema. "Kumjaribu."

Macho ya kioo yakageuka. "Umeshanisuka?" Johari aliuliza, kwa sauti ya Nyamizi. "Nisuke basi. Wewe mtoto wa nani?"

Nyamizi alishika ukingo wa mlango.

"Nisuke. Umeshanisuka? Wewe mtoto wa nani?"

Mwaka wake wa mwisho, mama yake Nyamizi alimwuliza swali hilo kila asubuhi, amejifunga kanga yake, funguo za nyumba iliyokwisha kuuzwa mkononi. Wewe mtoto wa nani? Siku za kwanza Nyamizi alijibu, wako mama. Miezi ya mwisho alijibu, wa jirani, kwa sababu jibu la kweli lilimtisha bibi wa watu.

"Wenzake waliomtangulia walianza kulia wiki ya sita," Pazi alisema taratibu.

"Halafu?"

"Halafu hakuna halafu. Betri yake ni ya jua, mtani. Miaka kumi. Ila ukiaga, spika zao zote zinafungwa."

Nyumba laki nne. Madirisha laki nne yenye jua. Alichokiona Nyamizi ni Kabula tu, amekaa mkekani, akijibu kwa shida zote za ulimi wake: mi-mi-mimi ni Kabula, na kuulizwa tena kabla hajafunga mdomo.

"Nipe hayo maneno," alisema.

Karatasi ilikuwa moja. Nusu ya juu ilikuwa nzuri. Nyamizi alimjua mwandishi, ilikuwa ya Pazi. Nusu ya chini ilikuwa ya mtu mwingine. *Siwezi kupumzika, rafiki yangu, mpaka nijue hauko peke yako. Mwambie mama akuletee Zamda. Zamda akifika nyumbani, ndipo nitafumba macho.*

"Mnamtwisha mtoto wosia," Nyamizi alisema. "Wa dukani."

"Sikuandika mimi hiyo."

"Najua. Ungeandika wewe ingekuwa bado haijaisha."

Safari hii Pazi alitabasamu, kidogo, upande mmoja. Johari wa rafuni naye akacheka, kicheko namba saba, kisha akauliza kama ameshasukwa.

3

Wiki nzima hakumwambia Kabula. Alipanga kumwambia Jumatatu. Jumatatu mtoto alikuwa na furaha. Jumanne alikuwa na mafua. Alhamisi alimwita, akamkalisha, akamwambia, "Unajua, vitu vyote..." na Kabula akamtazama kwa macho makubwa, akisubiri kama alivyofundishwa na Johari kusubiri, na Nyamizi akamalizia, "...vikiwa na sukari vinaharibu meno." Alifurahi kwamba Shija, binti yake, mama wa Kabula, alikuwa amepata mapumziko ya siku nne. Shija aliendesha treni ya Kigoma; nyumbani alipita kama mgeni, lakini Ijumaa angekuwapo.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano, Nyamizi aliketi kibandani. Nyuma ya kioo walikaa Pazi, fundi mitambo, na ofisa wa serikali, mama wa Kingoni aliyeshika mhuri wake kama anayeogopa utamponyoka. Taa nyekundu ikawaka. Kwenye runinga ndogo mbele yake Johari wa katuni alilala kitandani, shuka mpaka kidevuni.

Alianza kusoma. "Rafiki yangu, sogea karibu. Leo nimechoka kuliko siku zote." Sauti ilimtoka bila mikwaruzo, ya miaka tisa nyuma. Hakujua kwamba bado anayo. Alisoma kuhusu mto, kuhusu magauni, kuhusu siku walizocheza mvuani. Kisha macho yakafika nusu ya chini.

*Siwezi kupumzika.*

Akanyamaza. Sekunde tatu, nne. Hewani huo ni umilele. Fundi akainua kichwa.

Alichokiona Nyamizi kwenye kile kioo hakikuwa Johari. Aliona maziko ya mama yake, hapohapo Pugu, miaka sita iliyopita. Hakuwa amelia wala kula kwa siku mbili. Alikuwa kama gogo. Jeneza lilipofika kaburini, Pazi, Mzaramo asiye na haya, alikuwa amejifunga ile kanga ya marehemu, funguo mkononi, akitembea kwa hatua zake fupifupi za hasira. Akajilaza mbele ya shimo. "Nani anamzika nani? Huyu mama hajafa! Anajisingizia, anakwepa kupika! Mimi namjua, leteni chai muone kama hataamka!" Watu walishikana mbavu. Nyamizi alicheka mpaka kilio kikapata mlango wa kutokea, akalia, akala, akawa mtu tena. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anakataa kifo kwa niaba yako, kwa sauti kubwa, mbele ya shimo lililokwisha kuchimbwa, ili wewe ukikubali.

Aliiweka karatasi chini.

"Ala!" alisema Johari. "Nani analia hapo? Eti Johari amekufa? Mwongo gani huyo? Sijafa! Najisingizia tu!"

Nyuma ya kioo Pazi alisimama.

"Nimechoka kubadilishwa magauni mara tatu kabla ya chai. Nimechoka kusukwa na mikono yenye jamu! Nimejilalia zangu hapa, nanuna. Anayetaka kunizika na ashike jembe tuone! Na chai mniwekee, na maandazi mawili. Moja langu, na lingine langu pia." Akavuta pumzi. Likabaki lile neno ambalo sheria ilimdai, akalisema kwa upole, kama unavyofunga mlango wa chumba cha aliyelala. "Kwaheri, rafiki yangu."

Taa ikazimika. Ghorofa ya chini makabati yaliacha kuvuma. Ilikuwa kama mvua iliyokoma ghafla. Ofisa akapiga mhuri.

Pazi aliingia kibandani machozi yanamtiririka, anacheka. "Jamu!" alisema. "Mnyamwezi, umenizika hai." Fundi alikuwa anacheka. Yule mama wa Kingoni alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Wote mle ndani walikuwa watu wazima. Wote walikwisha kusimama makaburini, wakawaona watani wakijilaza shimoni, na wote walijua kwamba utani ule una maana kwa sababu sanda iko pale pale, inaonekana.

Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba watoto hawapelekwi makaburini.

4

Alirudi nyumbani saa kumi na mbili, moyo mwepesi kidogo, maandazi mkononi. Shija alimpokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Usimsemeshe. Wanacheza."

"Nani wanacheza?"

Kabula alikuwa mkekani, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mbele yake Johari, kikombe cha chai cha plastiki pembeni, maji yamejaa. Mtoto alikuwa amenuna. Hakugeuza hata jicho.

"Tangu kipindi kiishe," Shija alinong'ona. "Alicheka sana, mama. Nilidhani atalia, alicheka! Akasema Johari anajisingizia, akamwandalia chai, akakaa. Umeweza kweli wewe."

Nyamizi alianza kutabasamu. Kisha aliona midomo ya mtoto ilivyokazwa, na tabasamu likamganda usoni kama mafuta ya jana.

Kulipopambazuka Kabula alikuwa mkekani. Alikula uji, kijiko baada ya kijiko, macho kwa Johari. Alikwenda chooni mbio, akarudi mbio, akamwangalia mwanasesere kwa makini kuona kama amedanganya. Nyamizi alimwita, akamwita tena. Kabula alitikisa kichwa: ukisema umeshindwa. Jumapili Shija alijaribu kumchukua Johari. Mtoto hakupiga kelele, maana kelele ni kushindwa. Alimng'ata mama yake mkono, kimya. Jumatatu alfajiri Shija aliondoka na treni, alama za meno mkononi, meno mawili hayapo.

Jumatatu hiyohiyo Pazi alikuja. Alivaa viatu vyake mwenyewe.

"Nimeacha kazi," alisema.

"Mzaramo kuacha kazi nayo ni habari?" Ilimtoka kwa mazoea. Wote wawili waliisikia ikidondoka sakafuni.

"Simu zinalia tangu Jumamosi. Shule zinasema watoto wanakuja nao, wanawaweka juu ya dawati, wananuna. Darasa zima kimya. Mwalimu mmoja anasema hajawahi kuona nidhamu kama hiyo, akaanza kulia kwenye simu." Alimtazama Kabula, akashusha sauti. "Hawakuelewa, mtani. Tuliwaambia amelala, wakatuamini."

"Nirudisheni hewani. Dakika moja. Niseme kweli."

"Sauti iliyoaga."

"Pazi!"

"Mhuri umepigwa. Hata ukiimba harusini mtu akikurekodi anafungwa. Na Kipepeo hawataki useme." Akatoa simu, akasita, akampa. "Tazama mwenyewe. Limeanza leo asubuhi."

Lilikuwa tangazo. Zamda, gauni linabadilika kutoka samawati kuwa zambarau, amepiga magoti kando ya kitanda cha Johari. Anageuka, anatazama moja kwa moja machoni mwa mtazamaji. "Johari hajafa, anajisingizia!" anasema, kwa sauti ya msichana fulani ambaye Nyamizi hakumjua. "Mimi najua neno la kumwamsha. Nipeleke nyumbani, nitakunong'oneza."

"Lipo neno?" Nyamizi aliuliza, ingawa alijua.

"Atamwambia mtoto, kesho. Kila siku, kesho." Pazi alijifuta uso kwa kiganja. "Wanasema ni maneno bora ya tangazo waliyowahi kupata. Wameniagiza nikushukuru."

Nyamizi alirudisha simu kwa uangalifu, kama kitu cha moto. Angesoma ile nusu ya chini, watoto wangelia wiki moja, wangewadai mama zao Zamda, wangepewa au wangenyimwa, yangekwisha. Angekataa, wangeulizwa majina yao kwa miaka kumi. Alichagua njia ya tatu, ya mapenzi, na katika zote tatu ni hiyo peke yake isiyo na mwisho.

"Ulinichekesha msibani kwangu," alimwambia Pazi. "Nilitaka kuwafanyia wao hivyo."

"Najua. Nilicheka." Pazi alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Ndiyo maana silali."

5

Jumanne mchana Nyamizi aliketi mkekani, upande wa tatu, kati ya wachezaji wawili. Magoti yalilalamika. Johari alikuwa na vumbi kidogo kwenye kope. Chai ya plastiki ilikuwa imebadilishwa asubuhi.

Aliitafuta ile sauti. Ilikuwapo, chini ya mikwaruzo, kama kisima chini ya majani. Hewani ilikatazwa. Mkekani haikutajwa.

"Kabula," alisema, kwa sauti ya Johari. "Rafiki yangu. Sinuni. Nimekufa kweli."

Macho ya mtoto yaliruka kwenye midomo ya mwanasesere. Midomo haikusogea. Yakaja polepole kwa bibi yake. Yalikuwa na wekundu pembeni. Mdomo ukafunguka kusema kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"S-s-si..."

"Si mimi?" Nyamizi alidakia.

Mdomo ukafungwa. Nyamizi aliyasikia maneno yake yanavyoning'inia hewani, akatamani kuyala.

"Johari ha-ha-hadakii," Kabula alisema, akarudisha macho mahali pake.

Basi Nyamizi, mwenye miaka hamsini na minane na vicheko arobaini, alianza kujifunza kunyamaza. Jua lililokuwa kwenye mguu wa meza lilishuka sakafuni, likagusa mkeka. Jirani aliwasha redio, akaizima. Ulimi wake ulikuwa na utani kumi na kila mmoja ulitaka kutoka, aliung'ata. Alimwambia mtoto, kwa sauti yake ya kweli, ya mikwaruzo, kwamba yeye ndiye aliyesema yale maneno, kwamba ulikuwa utani, kwamba utani ni kitu wanachosema watu wazima mbele ya maiti kwa sababu kweli inawashinda. Kwamba Johari hayuko ndani ya Johari. Kisha akanyamaza tena, akasubiri.

Kabula alikuwa anafikiri, ilionekana kooni.

"B-b-bibi."

Nyamizi hakusema kitu.

"A-a-akisha..."

Nyamizi alijua miisho sita ya sentensi ile. Hakutoa hata mmoja. Jua lilifika kwenye kidole chake cha mguu. Mtoto alifumba macho, akasukuma neno kama mtu anayesukuma kabati, likagoma, akapumzika, akalishika upya.

"Akishanuna sana," Kabula alisema mwishoni, "mwenzake hu-hu-huruhusiwa kushindwa?"

Nyamizi aliitikia kwa kichwa, ndiyo. Alidhani mtoto amekikubali kifo. Alidhani ndio mlango wa kilio, ule aliofunguliwa yeye makaburini, akanyoosha mikono kumpokea.

Kabula hakuja mikononi. Alimwinamia mwanasesere, akampangusa vumbi kwenye kope kwa ncha ya kidole, akaweka paji lake la uso kwenye paji la plastiki.

"Nimeshindwa, Johari," alisema, moja kwa moja, bila kukwama hata mara moja. "Umenishinda wewe. Sasa amka."

Kisha akakaa sawasawa, mikono magotini, akasubiri kama alivyofundishwa. Nyamizi naye, ambaye sasa alijua jinsi ya kusubiri, akasubiri.